Makaburi Yasiyotitia ya Nyamasanga

Mwezi wa Mei mwaka 1976, mvua zikiwa zimekatika, Daktari Leonidasi Ntahondi alirudi kutoka bungeni Dar es Salaam na kukikuta kijiji cha Nyamasanga kimelala saa sita mchana. Haukuwa ule ukimya wa watu waliokwenda mashambani. Moto ulikuwa ukiwaka mafigani na maharage yakiungulia pasipo mtu wa kuyaepua. Mbuzi waliingia ndani ya nyumba na kutoka wapendavyo. Mlangoni mwa nyumba ya kwanza kutoka barabara ya Kasanda, mwanamume mmoja alikuwa amekaa juu ya kigoda, tonge la ugali mkononi, macho yamefumbwa, na nzi wakitembea juu ya lile tonge bila haraka.

Leonidasi alimwamkia kwa Kiha. Mtu yule akafumbua macho, akatabasamu, lakini hakumtabasamia Leonidasi. Alimtabasamia mtu ambaye angekuwa amesimama nyuma ya bega la daktari, akainamisha kichwa kwa heshima kama anayepokea agizo, kisha akasinzia tena. Leonidasi aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na njia tupu na jua.

Alimfahamu mtu yule. Aliitwa Reverien, jirani yao wa tangu zamani, na mwezi wa Novemba uliopita alikuwa mmoja wa wanaume waliombeba Mzee Bazili, baba yake Leonidasi, kwenda kuzikwa. Leonidasi mwenyewe hakuwapo. Siku hiyo alikuwa Dar es Salaam akila kiapo cha ubunge, na simu ya maandishi ilimfikia baba akiwa ameshafukiwa.

Ni haki msomaji aelezwe jinsi mtu wa namna hii alivyofika bungeni. Leonidasi alizaliwa juu ya kilima cha Ruhoro, mwendo wa nusu siku kutoka Nyamasanga kuelekea bonde la Malagarasi, katika boma lililozungukwa na migomba ya babu yake. Wamisionari walimfundisha kusoma, Makerere ikamfundisha uganga, naye akarudi Kibondo kuwa daktari wa kwanza aliyezaliwa katika tarafa ile. Kwa miaka mingi aliwapasua Waha, akawazalisha, akawashona, na hakuna aliyemficha jambo. Mwanamke angemweleza kwa sauti ya chini kile ambacho hakumwambia padri.

Mwaka 1974 watu wa Ruhoro waliamriwa kushuka kilimani na kuishi kijijini kando ya barabara. Leonidasi aliiamini sera ile, na hakuna haja ya kumficha katika hilo. Aliwaambia watu wake, "Nendeni. Penye watu wengi patajengwa zahanati." Watu wakashuka. Zahanati ikajengwa mpaka usawa wa madirisha, ikaachwa hapo, miti ikaota ndani yake. Hasira ya kuuona ukuta ule kila apitapo ndiyo iliyomfanya agombee. Katika uchaguzi wa mwaka uliofuata wananchi walimpa kura kwa sababu moja iliyo wazi: walitaka mtu wao wa kuwasemea huko juu. Hawakujua, wala yeye hakujua, kwamba siku ile ile walipompa kura walimpoteza daktari.

Alipoingia nyumbani, mama yake, Mama Immakulata, alikuwa amelazwa juu ya mkeka karibu na mlango. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imevimba.

"Mheshimiwa amefika," mama alisema. "Mtoleeni kiti cha waheshimiwa."

"Mama, ni mimi, Leonidasi."

"Leonidasi alikuwa daktari. Yule alikuwa akiambiwa mambo."

Alimshika mkono kupima mapigo, naye mama akauacha mkono wake ushikwe kama kitu kisicho chake. Leonidasi akauliza habari za Reverien. Mama akageuza uso ukutani.

"Baba yako anawaita," akasema. "Anawaita wale waliombeba. Hakuanza na wabaya, ameanza na waliomshika vizuri."

Habari kamili aliipata kwa mdogo wake, Stanislaus, ambaye naye alikuwa miongoni mwa wachukuzi. Wa kwanza kushikwa alikuwa Nsabimana, aliyetangulia mbele ya ngobyi, ile machela ya kusukwa ambayo Waha huwabebea wagonjwa na maiti. Alianza kwa homa, kisha akawa anacheka peke yake, kisha akawa analala akiwa amesimama na jembe. Alikufa baada ya Krismasi. Akafuata aliyekuwa upande wake. Waliowabeba hao wawili kwenda kuzikwa nao wakaanza kusinzia. Sasa hakuna aliyekubali kuiweka ngobyi nyumbani kwake. Ilikuwa imeegemezwa kwenye mti wa mpaka, nje ya kijiji, na wanawake walikwepa kuitazama wakienda kisimani, kwa maana ilisemekana kwamba humwinamia yule itakayemchagua.

"Na wewe?" Leonidasi aliuliza.

"Mimi ni mzima."

"Mbona unajikuna?"

"Ngozi tu, kaka."

Lakini shingoni nyuma palikuwa na tezi zilizovimba, na kwenye paja palikuwa na kovu la jipu lililopona vibaya. Stanislaus aliongea akiwa ameelekeza sikio dirishani. Mara mbili aliitikia "Naam" katikati ya sentensi, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Kesho yake Leonidasi alimpeleka hospitali ya Kibondo. Mganga mkuu mpya, kwa heshima ya mwenzake, alimruhusu kutumia hadubini. Hakuhitaji kutazama kwa muda mrefu. Kati ya chembe za damu za mdogo wake vimelea vya malale vilikuwa vikijinyonganyonga kama nyuzi hai. Alimchoma sindano ya uti wa mgongo, akavikuta na humo. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani.

Malale huletwa na mbung'o, na mbung'o haishi barabarani wala penye mashamba yaliyolimwa. Inakaa vichakani, penye kivuli, mahali ambapo watu wameondoka na wanyama wa porini wamerudi. Kwa hiyo daktari aliuliza swali analouliza kila daktari.

"Mlikwenda wapi?"

"Hatukwenda popote," alisema Stanislaus.

"Kuvuna asali? Kuwinda?"

"Popote, kaka. Tuko kijijini tu, kama serikali ilivyosema."

Aliporudi kijijini akawauliza wagonjwa wengine, mmoja mmoja, wale walioweza kuamka. Wote walimpa jibu hilo hilo, kwa maneno yale yale, kama watoto waliofundishwa na mwalimu mmoja. Reverien alijibu bila kufumbua macho.

Wiki ile Leonidasi alikwenda makaburini kusali. Uwanja wa makaburi ulikuwa nyuma ya shule, ukiwa umepimwa kwa kamba na uongozi wa tarafa, na makaburi yamepangwa mistari kama viazi. Kaburi la baba lilikuwa na msalaba wa mti wenye jina. Alipiga magoti, akaanza sala, na katikati ya sala macho yake yakaona kitu ambacho akili ilikuwa bado haijakipokea.

Kaburi likifukiwa, udongo huvimba juu. Mvua zikipiga, udongo hujishindilia, jeneza huoza au mkeka hulegea, na kaburi hutitia. Kila mtu wa shamba anajua hivyo, na kila mwaka ndugu huongeza udongo. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha nzito mwaka ule. Na hapa, mstari baada ya mstari, tangu makaburi ya miaka miwili iliyopita hadi ya juzi, hapakuwa na hata moja lililotitia. Yote yalikuwa yamekaa juu ya ardhi, mviringo, kamili. Leonidasi aliacha sala. Kwa muda alijihisi mtu pekee katika uwanja ule, aliye hai au aliyekufa, na kumbe hisia hiyo ilikuwa sahihi.

Hakwenda kuuliza kwa mwingine. Alirudi Kibondo, akaketi kando ya kitanda cha mdogo wake.

"Stanislaus, kwenye lile kaburi kuna nani?"

Nje muuguzi alikuwa akigonga beseni.

"Hakuna mtu," Stanislaus akasema hatimaye. "Hakuna mtu katika yote. Ni udongo tu tunaurundika ili katibu tarafa auone."

"Wako wapi?"

"Wako nyumbani. Ruhoro. Ulidhani tungemzika baba kwenye mistari?"

Hapa yafaa kueleza amri ile, na ielezwe bila kuipamba. Baada ya watu kuhamishwa, uongozi wa tarafa ulipiga marufuku mtu yeyote kuonekana kwenye mahame, kwa sababu yoyote ile. Aliyekamatwa na mgambo alilala rumande. Walioitunga hawakuwa na wafu wao kule. Waha huzika ndani ya boma, chini ya migomba yao, ili aliyekufa abaki na walio hai. Kwao, kumlaza baba kwenye uwanja wa serikali ni kumtupa. Basi watu wakatii amri kwa matuta ya udongo, na wakatii wajibu wao kwa siri.

"Tunatoka giza likishaingia," Stanislaus alieleza. "Tunafika alfajiri, tunachimba, tunazika. Kurudi hatuwezi, mgambo wako njiani mchana. Tunakaa migombani mpaka jua lizame. Tunakaa kimya, bila moto. Baba yuko pale, na sisi tuko pale, kutwa nzima."

"Na mbung'o?"

"Zipo. Huwezi kupiga makofi, utasikika. Unaacha zinywe."

Leonidasi alishindwa kukaa. Alisimama akaenda dirishani. Kumbe wafu hawakumwita mtu. Usiku mbung'o haiumi, na mchana mtu anayetembea njia iliyofyekwa hupita upesi. Hawa walilazimishwa kuketi bila kujipangusa, kutwa nzima, katika kivuli kile kile ambamo mbung'o hupumzika. Kilichowaua kilikuwa ule mchana wa kujificha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia ukiwa nani?" Stanislaus aliuliza, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Ungekuwa daktari ningekuambia siku ile ile. Wewe ni serikali, kaka. Tulikuchagua wenyewe."

Kabla ya kwenda kwa wakubwa alitaka kuona kwa macho. Alivaa suruali nene, akafunga shingo kwa taulo, akapanda Ruhoro peke yake asubuhi. Njia aliyoikimbia utotoni ilikuwa imefunikwa na vichaka vilivyomzidi kimo. Nyumba hazikuwa na paa, lakini milango ilikuwa imefungwa kwa kamba, kama ya watu watakaorudi jioni. Katika boma la baba yake migomba ilikuwa imeshikana hata mchana ukawa kama ndani ya chungu. Yale makaburi halisi yalikuwa hapo, yametitia vizuri, na yamepaliliwa. Kando yake, nyasi zilikuwa zimelala kwa umbo la makalio ya watu, mstari mrefu, migongo kuelekea ukuta, nyuso kuelekea makaburi. Hapo ndipo walipokuwa wakisubiri. Ukuta uliokuwa nyuma yao ulikuwa na madoa ya kijivu. Alipoweka kivuli chake juu yake, madoa yale yakaruka.

Alisikia nyuma yake mtu akijikohoza kwa namna ya baba yake. Alijua ni mnyama. Alishuka kilima bila kugeuka.

Katibu tarafa aliitwa Hilali Omary, mzaliwa wa Kasulu mjini, mtoto wa mfanyabiashara, mtu msafi na mwenye adabu, na hakuwa mkatili. Alimsikiliza mbunge mpaka mwisho, akammiminia chai.

"Mheshimiwa, nimekuelewa. Ila leo wanakwenda kuzika. Kesho watakwenda kupalilia. Keshokutwa wamejenga. Nitawaeleza nini wakubwa?"

"Waeleze watu wanakufa kwa amri yako."

"Amri si yangu."

"Ya nani?"

"Ya pamoja."

"Bwana Hilali, amri ya pamoja imemlaza mdogo wangu kitandani. Ruhusu watu wazike mchana. Wafyeke njia, wafyeke maboma, mbung'o zitaondoka zenyewe. Mwingereza naye aliwahi kuwahamisha watu wa bonde hili na kuacha pori lile lile, na malale yale yale. Tumepata uhuru ili turudie?"

"Peleka swali bungeni, Mheshimiwa. Huko ndiko kwako."

"Bunge ni baada ya miezi. Mpaka hapo nitakuwa nimebaki na nani huko kijijini?"

Hilali alikunja mikono. "Mtu akikamatwa kwenye mahame," alisema taratibu, "mgambo hawatatazama ni ndugu wa nani."

Mama Immakulata alifariki siku chache baadaye, mchana, akiwa na akili zake. Alimwambia Leonidasi neno moja tu la usia. "Usinipeleke kwa kujificha. Nimechoka kufichwa." Vijana wa kijiji walipoambiwa kuwa kuna maiti, walikaa majumbani mwao na kufunga milango. Kila mmoja alijua aliyembeba Mzee Bazili amekuwaje. Hakuna aliyetaka kushika mti wa ngobyi ya mjane wake.

Asubuhi iliyofuata Leonidasi alimtumia Hilali ujumbe aje makaburini, akaja na mgambo wake. Wanakijiji wakatoka kutazama. Mbunge alivua koti lake, akashika jembe, akalipiga kaburi la baba yake.

Wanawake walifunika nyuso. Jembe liliondoa tuta kwa mapigo machache, na chini ya tuta kulikuwa na majani, yaleyale yaliyoota kabla ya kijiji kuwapo, yamegeuka meupe kwa kukosa jua, na mizizi yake haijakatwa. Hapakuwahi kuchimbwa. Akaenda kwenye kaburi la pili, la tatu. Majani meupe. Mmoja wa mgambo, kijana wa Kiha, aliweka bunduki chini, akavua kofia. Hakushangaa, maana yeye pia alikuwa na mtu Ruhoro.

"Wako wapi?" Hilali aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameyahesabu makaburi yale kila mwezi na kuyatolea ripoti.

"Wako nyumbani kwao," Leonidasi alisema. "Umekuwa ukilinda uwanja mtupu. Sasa nampeleka mama yangu, sasa hivi, mchana. Nikamate nikiwa nimembeba."

Aliwageukia watu. Hakuwahutubia kwa lugha ya jukwaani. Alisema nao kwa Kiha, kama alivyokuwa akisema nao wodini.

"Mzee Bazili hakumwita mtu. Mliumwa na mbung'o mkiwa mmekaa kwa woga. Leo hakuna kukaa. Kila mtu na panga lake. Wenye mapanga watangulie, wafyeke pande zote mbili mpaka jua lipite. Anayeumwa na mdudu ampige, apige kelele apendavyo. Tukizika, tunafyeka boma zima, tunachoma majani, tunateremka kabla jua halijazama."

Kisha mzee mmoja akauliza, "Mheshimiwa, wewe utashika mti upi?"

"Wa mbele."

"Huo ndio wa Nsabimana."

"Najua."

Mzee yule akatema mate pembeni, akaenda kuchukua panga. Wakatoka mmoja mmoja. Hilali alisimama katikati ya njia mpaka ngobyi ilipomkaribia, akatazama lile umbo dogo lililofunikwa shuka, na akasogea pembeni. Hakutoa ruhusa. Alisema tu, "Nitaandika nilichokiona." Naye aliandika, na miezi miwili baadaye Leonidasi aliitwa Kigoma mbele ya kamati ya Chama kujieleza kwa nini ameongoza wananchi kuvunja amri. Alisimama akajieleza kutwa nzima. Alipewa onyo kali, akaambiwa jina lake halitapitishwa tena. Amri haikufutwa kwa maandishi hata siku moja. Ila mgambo waliacha kwenda njia ile, na njia ikabaki wazi.

Lakini siku ile ya mazishi, hayo yote yalikuwa bado. Walipanda Ruhoro kwa kelele za mapanga, na kadiri walivyofyeka ndivyo mwanga ulivyoingia mahali ambapo haukuwa umeingia tangu waondoke. Bomani, walipoangusha mgomba wa kwanza, wingu la kijivu liliinuka kutoka ukutani, likazunguka juu ya vichwa vyao, watu wakajipiga mashavu na shingo na migongo ya wenzao. Mama alizikwa kando ya mumewe. Jua lilikuwa bado halijazama walipoanza kushuka. Leonidasi alibaki nyuma kidogo, daktari aliyesoma, akiona aibu, akasikiliza. Upepo ulipita katika visiki vya migomba. Hakuna aliyejikohoza.

Kesho yake alikuwa Kibondo, wodini, na dawa ya mwisho. Ilikuwa ile dawa yenye sumu ndani yake, inayochoma mshipa kama pilipili, ambayo huponya wengi na kuua baadhi. Hakuna daktari awezaye kujua mapema itamuua nani. Stanislaus alikuwa amekonda, macho yamezama ndani.

"Umemfikisha?" aliuliza.

"Nimemfikisha. Mchana."

"Mchana kabisa?"

"Watu walikuwa wakitaniana njiani. Mmoja aliimba."

Stanislaus alifikiri. Shingoni mwa kaka yake, chini ya sikio, aliona uvimbe mdogo mwekundu, akaunyooshea kidole. Leonidasi akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba anaujua, na kwamba damu yake mwenyewe ataipima kila wiki.

"Kaka."

"Naam."

"Sindano hii ikinishinda, na mimi nipelekeni mchana."

"Nyoosha mkono," alisema Leonidasi.

Stanislaus akaunyoosha.